Zege la kila usiku

Mwezi wa tatu nilimsindikiza mama kliniki, yeye ana presha miaka mingi, nesi alipomaliza kumpima akaniangalia akasema na wewe kaka kaa hapo nikupime, nikakaa tu ili mama afurahi. 158 kwa 102. Akaniambia nipumzike kidogo, akarudia, ikaja karibu ile ile. Nina miaka 33, kichwa hakiumi, kizunguzungu sina, Jumapili mpira nacheza. Akaniuliza, usiku unakula nini?

Zege, yaani chipsi mayai. Natoka dukani Kariakoo saa mbili, foleni ya mwendokasi, nafika Mbezi saa tatu na nusu nimechoka hata maji ya ugali siwezi kubandika, na pale kituoni kuna jiko la chipsi, basi. Siku tano za wiki, saa nyingine sita, na soda juu, karibu miaka minne sasa.

Sisemi zege peke yake ndo limenipa presha, kwetu ipo kwenye ukoo na daktari kaniambia hivo, lakini mtu mwenye ukoo kama wangu ndo hatakiwi kabisa kula vile.

Baada ya pale nikaanza kuangalia kweli kinachofanyika jikoni. Chipsi zinakaangwa mapema zinakaa kwenye kabati la vioo, mteja akija zinarudishwa kwenye karai zipate moto, halafu zinaingia kwenye kikaango na mafuta mengine ndo mayai yanamwagwa juu. Yaani mafuta mara tatu kwa sahani moja! Na yale ya karai hayamwagwi, yakipungua wanaongeza mapya juu ya yale ya jana, meusi kama chai ya rangi, yana povu, moshi wake unakaba koo. Mafuta yakichemshwa hivo siku na siku yanaharibika na yanaweza kuumiza mishipa ya damu.

Halafu chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike hata gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hapo ni chakula chote cha siku nzima, sasa mimi nilikuwa naongeza tena na lile kopo la matundu kabla sijaonja. Chumvi inavuta maji yabaki mwilini, damu inajaa kwenye mishipa, moyo unasukuma kwa nguvu usiku kucha. Soda ya chupa ile ya 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai, hiyo hata sikuwa naihesabu kama chakula.

Wauza chipsi siwalaumu jamani, mtu katoka kazini usiku anakula kilichopo, na kilichopo njia nzima ni hicho.

Sahivi Jumapili nachemsha maharage sufuria kubwa nayagawa kwenye vikopo naweka friji, usiku ni kusonga ugali tu na mchicha pembeni. Dawa nameza kila siku, sijaacha. Juzi nilikuwa 136 kwa 86. Zege nakula Jumamosi, bila chumvi ya juu, kachumbari nyingi.

Yule dogo wa chipsi aliniuliza mbona umepotea kaka, nikamweleza yote. Akakaa kimya, halafu akaniomba Jumatatu asubuhi twende wote akapimwe, maana yeye chakula chake cha usiku ni zile zinazobaki kabatini.