Dramu Zilipongoja

Tarehe 26 Desemba 2012 nilikaa mbele ya runinga nikingoja sehemu moja tu ya sherehe za Kennedy Center za kuwaenzi wasanii: heshima kwa Led Zeppelin, kundi la roki la Uingereza. Kituo cha CBS kilikuwa kikirusha kilichorekodiwa Washington tarehe 2 mwezi ule ule. Wanakundi Jimmy Page, Robert Plant (mwimbaji) na John Paul Jones walikaa juu roshanini, mahali alipokuwa pia Rais Obama, wakisikiliza wengine wakipiga nyimbo zao.

Walipita Foo Fighters, Kid Rock na Lenny Kravitz. Kisha Nancy Wilson wa kundi la Heart akaanza "Stairway to Heaven" kwa gitaa lisilo la umeme. Pale mwanzoni kuna mstari wa sauti nzito za chini unaoteremka nusu hatua kwa nusu hatua, kutoka noti ya A hadi F, na ndio unaoubeba utangulizi mzima. Spika nyembamba za runinga huufifisha, ukabaki mlio wa nyuzi za juu tu. Nilikuwa nimeshachomeka visikizi.

Wanaoupiga wimbo huu huuharibu mapema kwa kuanza na kasi ya mwishoni. Mwendo wake hupanda taratibu. Ukitangulia mbio, solo ya gitaa, pale gitaa linapoongoza peke yake, ikifika haina tena pa kupanda. Dramu nazo zina zamu yao. Katika rekodi ya 1971, yenye dakika 8 hivi, hunyamaza kwa zaidi ya dakika 4.

Kwa hiyo macho yangu yalikuwa kwa mpiga dramu, Jason Bonham. Baba yake, John, mpiga dramu wa Led Zeppelin, alifariki Septemba 1980, Jason akiwa na miaka 14, na kundi hilo likavunjika mwaka huo huo. Sasa mtoto alikuwa kwenye kiti cha dramu, mbele ya wenzake baba, amevaa kofia nyeusi ya mviringo kama aliyopenda kuvaa John. Alipoingia, aliingia mzito na mtulivu, bila madoido. Ann Wilson, dada yake Nancy na mwimbaji wa Heart, naye hakumwiga Plant. Aliimba kwa kifua chake mwenyewe, na nadhani hilo ndilo lililouokoa wimbo.

Kuelekea mwisho ikatokea kwaya kubwa nyuma yao, vichwani kofia zile zile. Kamera ikapanda roshanini. Macho ya Plant yalikuwa yamejaa machozi.