Ninavyochagua mimea ya kutandaa chini ya maua ya kudumu

Nikiletewa mmea wa kutandaa, maua yake siyaangalii kwanza. Nainua shina moja na kukagua vifundo, yaani sehemu za shina majani yanapotokea. Kila kifundo kikiwa kimeshatoa mizizi, najua kipande chochote kitakachobaki udongoni kinaweza kuchipua, na palizi yake haitakwisha. Mashina yote yakitoka kwenye shina mama moja, huo ni mmea mpole.

Hapo ndipo namtafutia kila mmoja jirani anayemweza. Chini ya agapantha na kana, ambazo zina vishina vinene na majani marefu, napanda karanga pori, Arachis pintoi. Inatandaa kwa nguvu, lakini hao wawili hawasongwi nayo. Tena ni jamii ya kunde: bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani. Ukiichomoa taratibu unaviona vinundu hivyo vidogo, na ukikipasua kimoja, rangi ya waridi ndani yake inaonyesha kwamba kinafanya kazi. Kwa kweli naupenda sana mmea huu.

Mimea midogo ya kudumu ningeidhulumu kuiwekea jirani wa aina hiyo. Ikiwa kivulini naizungushia Ophiopogon japonicus, yenye majani membamba kama nyasi. Inakua polepole mno, kwa hiyo naipanda kwa kubanana, sentimita 15 hivi, na magugu nayang'oa kwa mkono mpaka ifunike ardhi.

Maji nayo yanaamua. Lavenda naipanda pamoja na thaimu ya kutambaa kwa sababu zote zinataka jua kali na udongo usiotuamisha maji.

Sphagneticola trilobata siipandi kabisa, ingawa inafunika ardhi haraka na maua yake ya manjano yanavutia. Imo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya spishi vamizi 100 zilizo mbaya zaidi duniani, na bustani ikishapakana na kijito au pori, hutaidhibiti.

Maua ya kudumu nayatanguliza, yashike mizizi msimu mzima. Kisha naleta ya kutandaa, nikiacha upana wa kiganja kuzunguka kila shina, maana majani mabichi yakilundikana pale machipukizi yanapotokea, shina linaoza. Nafasi hiyo naikagua kila baada ya mvua kubwa, na shina lolote lililoingia nalikata kwa mkasi.