Nilivyoonyesha sinema bubu huku muziki ukipigwa ukumbini

Niliichagua Metropolis ya Fritz Lang, ya mwaka 1927, na nililitaka toleo lililokarabatiwa la 2010, si vipande vinavyozagaa mtandaoni. Toleo hilo limerudishiwa takriban dakika 25 zilizodhaniwa zimepotea moja kwa moja, hadi mkanda wa milimita 16 ulipoibuka Buenos Aires mwaka 2008. Mkanda wenyewe ulikuwa umechakaa, kwa hiyo sehemu hizo unazitambua papo hapo: zimejaa michirizi na picha yake ni ndogo kidogo.

Kibali nilikiomba mapema. Filamu kuwa ya zamani hakumaanishi kazi ya ukarabati ni ya bure.

Shughuli hasa ilikuwa muziki. Gottfried Huppertz aliitungia filamu hii muziki wa okestra, na noti zake ndizo zilizowasaidia wakarabati kujua kipande kipi kinakaa wapi. Mimi nilikuwa na mpiga piano na mpiga ngoma, basi. Tukazima muziki uliorekodiwa kwenye toleo hilo, tukatunga wa kwetu. Mpiga piano aliitazama filamu kimya huku akinakili maneno ya mabango yaliyomhusu, yaani maandishi yanayojitokeza kati ya picha. Bango fulani likitokea, anabadilisha. Kuhesabu dakika hakusaidii kitu, macho yawe kwenye skrini. Kwa kuwa piano ilikaa ubavuni, nilimwekea televisheni ndogo mbele yake, na taa ya noti nikaizungushia karatasi nyeusi ili mwanga usirukie kwenye picha.

Tulibishana kuhusu ile sehemu ya filamu ambapo wafanyakazi wanapishana zamu, vichwa chini. Mpiga ngoma alitaka kila hatua iwe na pigo lake. Nikamwambia, "Kaka, miguu tunaiona. Wewe tupe uchovu wao." Akabaki na ngoma moja nzito, ya polepole kuliko mwendo wao, na zamu ile ikaanza kutisha. Kwenye sehemu zenye michirizi nilikataa muziki ufanye chochote cha pekee. Jicho limeshaona, sikio la nini?

Filamu inakaribia saa mbili na nusu, na vidole huchoka. Bahati nzuri imegawanywa sehemu tatu, nasi tukapumzika ya kwanza ilipokwisha. Mafuriko ya mji wa wafanyakazi niliiachia ngoma peke yake; piano ikaingia watoto walipoanza kumkimbilia Maria, mhusika mkuu wa kike.