Bembea za Idi zirudi lini?

Idi ya Mei 2020, kwa sababu ya corona, watoto wa Malindi walivaa nguo mpya wakabaki vibarazani. Bembea zangu nilikuwa nimezifunga, na hata kutoka Kilifi kulikuwa marufuku tangu Aprili. Juni zuio hilo la Kilifi liliondolewa, na Julai hii ya 2020 kila nikipita naulizwa, "Ami, utafungua lini?"

Nimefuatilia wenye viwanja vikubwa vya burudani ng'ambo. Shanghai Disneyland, Uchina, ilifungwa Januari, ikafunguliwa tarehe 11 Mei: watu wachache, tiketi za kuagiza mapema, kupimwa joto, barakoa. Huko Japani wageni waliombwa wasipige mayowe kwenye magari ya kasi ya kuchezea yapitayo juu ya reli, maana mate huruka. Disneyland ya Hong Kong ilifunguliwa Juni, na katikati ya Julai ikafungwa tena maambukizi yalipopanda. Hilo la Hong Kong linanitia hofu kuliko yote.

Mtoto akipaa na bembea atapiga ukelele, ndiyo raha yenyewe, na siwezi kumnyima. Heri kiwanja changu ni cha wazi na kusi inavuma. Shida ni mnyororo. Mikono yote hushika palepale, juu kidogo ya kiti, hadi chuma kimeng'aa. Na foleni wanasukumana, wakubwa wanawapita wadogo.

Idi ya kuchinja naona bado ni mapema mno. Nitakapofungua, itakuwa asubuhi tu, mtoto mmoja kila kiti, ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na mnyororo nitaufuta mwenyewe kabla ya kila anayepanda. Anayeishi na bibi mgonjwa, nitamwomba mzazi wake angoje. Zamu yake nitamwekea.