Ninavyosaini hati za kuachia lieni California

Nafunga jipsamu kama mkandarasi mdogo. Kila mwezi, kabla hundi haijatoka, mkandarasi mkuu hudai hati ya kuachia lieni, yaani haki yangu ya kusajili dai kaunti juu ya jengo lenyewe nisipolipwa. Sheria ya Madai ya California ina fomu nne: vifungu 8132 na 8134 ni vya malipo ya awamu, 8136 na 8138 vya malipo ya mwisho. Karatasi aliyojitungia karani wa mkandarasi mkuu, isiyofuata maneno ya fomu hizo, nairudisha.

8132 na 8136 zina sharti: haki haijaachiwa mpaka malipo yathibitike. 8134 na 8138 hazina. Ukishasaini, hata hundi ikirudi, lieni umeiachia. Onyo limechapwa juu ya fomu yenyewe, lakini watu huisaini kama risiti. Kwa hiyo ankara yangu huambatana na 8132. Hundi ikishapita benki ndipo natoa 8134 ya kiasi kilekile. Mkandarasi mkuu akiitaka 8134 kwanza, namwambia atume pesa benki, nami naisaini siku inapoingia.

Kinachoumiza wengi ni kijisehemu cha tarehe, kazi inahesabiwa mpaka lini. Ankara ni ya kazi hadi Machi 31, karani anajaza Aprili 12, siku aliyochapa fomu. Siku kumi na mbili za kazi zimezolewa ndani ya hati bila kulipiwa. Naikata na kuandika Machi 31, kisha naweka herufi za jina langu pembeni.

Fomu ya awamu haigusi asilimia inayozuiliwa mpaka mwisho, wala kazi za nyongeza ambazo hazijalipwa. Kwenye 8132, hati ya masharti ya mwezi uliopita ambayo hela yake haijafika lazima uiorodheshe, tarehe na kiasi. Kwenye fomu za mwisho kinga hiyo ni nyembamba: kuna nafasi ya nyongeza zenye mgogoro tu, na usipoijaza zimekwenda.

Haya yote hayana maana kama hukutuma notisi ya awali, yaani taarifa rasmi kwamba unafanya kazi kwenye jengo hilo, ndani ya siku 20 tangu uanze kazi. Ukichelewa, inalinda kazi ya siku 20 kabla ya kuituma na ya baada yake tu; ya nyuma zaidi imepotea. Kazi ikikamilika una siku 90 kusajili lieni, au 30 mwenye jengo akisajili taarifa ya ukamilishaji. Ukishasajili, siku 90 nyingine za kufungua kesi.