Kurasa Zilizogandana

Kitabu chetu cha sala kina kurasa mbili ambazo hazijafunguka tangu Kwaresima ya mwaka 2020. Umeme ulikatika tukiwa kwenye Njia ya Msalaba, mshumaa ukaniinamia mkononi, nta ikamwagika katikati ya kitabu, nami nikakifunga bila kuangalia. Kituo cha nne na cha tano vimo humo ndani, vimelaliana uso kwa uso. Ukimaliza cha tatu ukafunua, unakutana moja kwa moja na Veronika na kitambaa chake.

Mwaka ule shule zilifungwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, na kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza kwamba kuanzia awali hadi kidato cha sita watoto wakae nyumbani siku 30. Siku hizo zilipokwisha hazikuwa zimekwisha. Nyumbani kwetu Nkuhungu, Dodoma, nilibaki na watoto watatu: binti wa darasa la tano, kijana wa darasa la pili, na kitinda mimba wa miaka minne asiyekaa chini hata dakika mbili. Baba yao aliendelea kwenda kazini Mtumba. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu naifanyia barazani, kwa hiyo ualimu uliniangukia mimi. Na mama mkwe wangu alikuwa kwetu tangu Krismasi kwa ajili ya pumu yake, akitokea kijijini kwao upande wa Bahi.

Makanisa hayakufungwa, na jirani zetu wengi walikwenda ibada zote za Juma Kuu. Sisi, kwa kuogopa kifua cha Mama, tulikubaliana kwamba Ijumaa Kuu tutasali nyumbani.

Watoto waliichukua kazi ile kwa moyo wote. Asubuhi walikata mabua ya mtama wakayafunga misalaba kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye kikapu changu cha ushonaji. Misalaba 14. Kituo cha kwanza kikakaa getini, cha pili kwenye mwarobaini, vingine vikafuata ukuta hadi kwenye tenki la maji, na kaburi la Bwana likawekwa nyuma ya banda la kuku. Uwanja wetu si mkubwa, vituo vingine vilikuwa hatua mbili tu kutoka kimoja hadi kingine, lakini kitinda mimba alipiga magoti kwenye kila kimoja mpaka magoti yakawa mekundu kwa udongo.

Tulianza alasiri. Tulipanga kila mtu asome kwa zamu: binti kituo cha kwanza, mimi cha pili, baba yao cha tatu, na cha nne Babu.

Babu ndiye huyo wa darasa la pili. Ana jina la marehemu baba mkwe wangu, ndiyo maana nyumba nzima tunamwita hivyo, na bibi yake humwita "mume wangu" mbele ya watu wote. Alikuwa na miaka minane. Alisoma shule inayofundisha kwa Kiingereza, ambayo ada yake ililipwa kwa gauni nyingi za harusi, na kila muhula aliniletea ripoti nzuri, nami nikatia sahihi. Jioni, kwenye rozari, aliongoza fungu lake bila kujikwaa. Katika jumuiya yetu akina mama walikuwa wakiniambia nimelea. Niliyapokea maneno hayo, na niliyapenda.

Alikipokea kitabu kwa mikono miwili. Akafunua ukurasa. Akaweka kidole cha shahada chini ya mstari wa kwanza, akaanza: kituo cha nne, Yesu anakutana na Mama yake. Sauti ilikuwa tulivu, ya kusali kweli. Kidole kilitembea hadi mwisho wa mstari, kikarudi kushoto, kikashuka mstari wa pili. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimemshika kitinda mimba asiuguse mshumaa, nikachungulia begani kwake. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa na picha ya mwanamke ameshika kitambaa.

Nilichelewa kuelewa. Kwanza nilidhani amefunua vibaya. Kisha nikasikiliza, nikaona hajakosea hata neno. Alikuwa anasoma kituo cha nne chote juu ya maandishi ya kituo cha sita. Kidole chake kilikuwa chini ya jina la Veronika, na mdomo wake ulikuwa unamtaja Maria.

Hakuna mwingine aliyeona. Kituo cha tano kilikuwa zamu ya Bibi, naye hakuhitaji kitabu. Cha sita kikarudi kwa binti, akasoma, tukaendelea. Nilipiga magoti pamoja nao hadi nyuma ya banda la kuku, lakini tangu pale kwenye tenki sikusali tena.

Tulipomaliza nilimwita barazani. Nikamfungulia kitabu chake cha Kiswahili cha shule, nikaweka kidole kwenye neno moja. "Soma hapa."

Akanyamaza. Nikaona haangalii kitabu, anaangalia midomo yangu. Anasubiri nimwanzie. Na papo hapo nikakumbuka ni mara ngapi nilimwanzia, kila jioni, sindano ikiwa mdomoni na macho yangu yakiwa kwenye pindo la mteja: "Haya, 'Ma…'", naye akamalizia. Safari hii sikumwanzia. Akavuta pumzi, akasema: "Meimei."

Neno lilikuwa *mama*.

Nilipaza sauti. Nilimwambia ametudanganya sote, tena Ijumaa Kuu, tena mbele ya msalaba. Nilimtajia ada. Nilimtajia hata gauni nilizoshona usiku. Hakujitetea, machozi yalimtoka bila sauti, na aliposema kitu alisema hivi: "Mama, usimwambie Baba."

Bibi yake alitoka ndani akiwa ameshika ukuta, pumzi zikimpiga miluzi. Akakaa kwenye kigoda chake. "Mwanangu," akaniambia, "usimpigie kelele mume wangu. Mimi nilijua."

"Ulijua nini, Mama?"

"Kwamba hasomi. Namjua anayesoma hivyo, mimi mwenyewe nilisoma hivyo kanisani miaka mingi. Kitabu cha nyimbo nakishika, wenzangu wakifunua nami nafunua, naimba kuliko wao."

Alikuwa hajawahi kutueleza habari hizo, hata mwanawe hakuzijua. Aliolewa hajui herufi. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo kikaenea vijijini miaka iliyofuata, naye akajiandikisha akiwa na mtoto mgongoni. Walikaa chini ya mbuyu, na aliyewafundisha ni binti aliyekuwa amemaliza darasa la saba, mdogo kwake kwa umri. "Aibu ilinitesa kuliko herufi," akasema. "Yule binti hakutucheka. Angetucheka siku moja tu, nisingerudi."

Usiku nilikwenda kukaa ukingoni mwa kitanda cha Babu. Hakuwa amelala. Akaniuliza kama kile alichofanya ni dhambi, kwa sababu kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza walikuwa wameambiwa kuhusu uongo. Nikamwambia ya kwake tutaipeleka kwa padre siku ya kitubio chake cha kwanza ikifika, nami nitakuwa nje namsubiri. Ya kumpigia kelele mtu aliyeomba msaada ni yangu, na nitaipeleka mimi. Nikamwomba msamaha. Akanishika kidole gumba, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, akalala.

Mimi sikulala upesi. Siku tulipombatiza, padre alituuliza kama tunaelewa wajibu wa kumlea katika imani, tukajibu tunaelewa. Kwenye mafundisho ya ndoa tulikuwa tumeshaambiwa kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, unawaita wazazi walimu wa kwanza wa watoto wao, na kwamba kazi hiyo ni vigumu mwingine kuijaza ikikosekana. Nilikuwa nimeyapokea kama maneno ya kusali na kufundisha ishara ya msalaba. Kusoma nilikuwa nimekununua. Na katika mihula yote niliyotia sahihi ripoti, sikuwahi kukaa naye nikamsikiliza akisoma ukurasa mmoja mgeni.

Tulianza Jumatatu ya Pasaka. Binti alikuwa na vipindi vyake vya redioni na madaftari, anajitegemea. Babu alirudi mwanzo kabisa, na mwalimu hakuwa mimi, alikuwa bibi yake. Mimi nilisogeza cherehani karibu nikawa msaidizi.

Hapo ndipo nilipoelewa alivyokwama. Shuleni alikuwa amejua herufi kwa majina ya Kiingereza, kwa hiyo *a* kwake ni "ei", *e* ni "ii", na *i* ni "ai". Akileta majina hayo kwenye neno la Kiswahili, kila kitu kinapinda. Akiona *e* anasema kile ambacho sisi tunakiandika *i*, na akifika kwenye *i* yenyewe ameshapotea. Hakuna aliyemtenganishia lugha hizi mbili. Yeye akatafuta njia yake: akasikiliza, akahifadhi. Kichwa kilichoweza kuhifadhi Njia ya Msalaba nzima hakikuwa na tatizo lolote, na hilo ningependa kila mzazi mwenye mtoto anayeitwa mzito alisikie.

Bibi alifagia sehemu ya uwanja chini ya mwarobaini, akalainisha mchanga kwa kiganja, akachora kwa kijiti. "Hii inaitwaje?"

"Ei."

"Huko shuleni. Hapa kwangu inaitwa *a*. Fungua mdomo kama unamwonyesha daktari koo."

"Aaa."

"Haya."

Siku ile ilikuwa *a* tu. Kesho yake *e*. Irabu tano zilichukua wiki nzima, na mimi moyoni nilikuwa nachemka, nikihesabu siku, lakini Mama hakuwa na haraka yoyote. Alimfanya aichore, aifute, aichore tena akiwa amefumba macho. Kisha akaleta *m*, wakaenda ma, me, mi, mo, mu, kwa wimbo wa kupiga makofi aliokuja nao kutoka chini ya ule mbuyu. Kitinda mimba alijiunga bila kualikwa na akashika yote. Masomo yalikwisha saa sita, kengele ya parokia ilipogonga Malaika wa Bwana. Tulisimama hapo hapo mchangani, tukasali, kisha nikaenda kusonga ugali.

Neno lake la kwanza sikuliona likisomwa, nililisikia. Nilikuwa nimeinama natia uzi kwenye sindano. Bibi alikuwa amechora silabi mbili akakaa kimya. Babu akasema, "Mu." Kimya. "Me." Halafu akazirudia haraka zaidi, akamwangalia bibi yake, na kicheko kikamtoka cha kujaa uwanja mzima. *Mume.* Alikuwa amemwandikia jina lake.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Zile za kubanana, kama *mbw* na *nyw*, zilimliza. Siku nyingine alikataa kutoka ndani, na siku moja nilipaza sauti tena, Bibi akanitazama tu nikanyamaza. Baba yao tulimwambia, Babu mwenyewe ndiye aliyemwambia, na tangu hapo akirudi jioni aliandika mchangani neno moja kabla hajavua viatu, ili Babu alisome.

Tarehe 19 Juni ilikuwa Ijumaa, sherehe ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29. Baada ya chakula cha usiku, kabla hatujaanza rozari, Babu alikwenda mwenyewe kwenye meza ndogo ya sala akachukua kitabu. Kikafunguka chenyewe pale kwenye nta, kwa kuwa ndipo kilipozoea. Nikataka kumwambia tutafute ukurasa mwingine. Akaweka kidole.

"Ki-tu-o cha si-ta," akasema. "Ve… Vero… Ve-ro-ni-ka."

Hakuna aliyekohoa. Sauti haikuwa ile nzuri ya Ijumaa Kuu, ilikuwa ya kukwaruza, inasimama, inarudi nyuma, inasukuma. "A-na… a-na-pa-ngu-sa. Anapangusa. U-so. Uso wa Yesu." Akafika kwenye nukta, akainua uso. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji, kama mtu aliyetoka kuchota maji.

"Mama, kupangusa ndiyo nini?"

Kabla sijajibu, bibi yake alishamvuta karibu. Akakamata pindo la kanga yake, akamfuta jasho taratibu, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni.

"Ndiyo hivi," akamwambia. "Endelea, mume wangu."