AC imerudi, jamani
Jua la Februari, foleni ya Mombasa Road, na AC ya gari inapuliza hewa vuguvugu! Fundi mmoja alishasema kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, imekufa, ninunue nyingine. Leo nimefungua boneti mwenyewe, injini inanguruma, mpwa wangu ndani anabonyeza swichi. Klachi ya kompresa, ile inayoiunganisha na injini, haikushika, hata ule mlio wake wa "tak" haukutoka. Fyuzi nzima. Nikachomoa relei ya honi (kile kiswichi kinachowashwa kwa umeme), maana ni ya aina moja na ya AC, nikaichomeka mahali pa ile ya AC: tak! Baridi hiyooo. Gesi sikuigusa, ina presha kubwa, na ikikurukia inaunguza ngozi kwa ubaridi wake. Kumbe iliyokufa ni relei, si kompresa; mpya nimenunua Kirinyaga Road. Honi nimeirudishia yake, maana Nairobi bila honi utalala kwenye raundabauti.